Waliambiwa Sare, Mimi Niliambiwa Mchele

Mume wangu alipokufa nilikaa eda yangu yote, na nilipotoka nikakuta mtaa uko vile vile. Waliniamkia salamu kamili, sabalkheri mama, za nyumbani, Mungu amrehemu marehemu. Nikaitikia yote. Halafu nikapanda ngazi, nikafunga mlango, na hakuna aliyepanda nyuma yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara ya Nairobi. Tulikuwa tumekodi chumba cha juu katika nyumba ya zamani huku Mji wa Kale, nyumba ya boriti na chokaa, kuta nene hata ukilia hakuna akusikiaye. Marehemu alifanya kazi Liwatoni, kwenye barafu ya samaki, na harufu ile haikumtoka hata siku ya Idi. Alipoondoka nilidhani nitashukuru kuikosa. Sikushukuru. Binti yetu wa pekee aliolewa akaenda Maskati, akazaa huko, nikawa bibi wa mtoto nisiyemjua sura. Binti alikuwa akipiga simu dukani, mwenye duka akituma mtu kuniita, na nikishika ule mkono wa simu twasikilizana pumzi tu, kila mmoja amwogopea mwenziwe asilie.

Mimi si mzaliwa wa kisiwani. Kwetu ni Kaloleni, kwenye minazi. Nilisilimu nilipoolewa, nikavaa buibui, nikajifunza kusema kama wao. Shule nilipita mlangoni tu. Kuandika nimejifunza ukubwani, nikikosea mnisamehe, na pia msinihurumie, sikuandika kwa ajili hiyo.

Kazi yangu ilikuwa kupika Kizingo, nyumba ya Wahindi Waislamu. Watu wazuri, sina neno nao. Lakini kule Kizingo miti ni mingi na watu ni magari. Nilitembea kutoka kule hadi nyumbani na kikapu changu, na siku nyingine nilifika nikakumbuka kwamba tangu asubuhi nimesema "ndiyo" na "tayari" basi.

Mtaani waliniheshimu mno, na hilo ndilo lililonikondesha. Nitaeleza. Wanawake wa mji wakipendana hawasemezani kwa heshima. Mmoja atamwambia mwenziwe wewe umenenepa kama pipa la simsim, na yule atamjibu na wewe meno yako kama mlango wa gati, wakacheka hadi wakashikana. Mimi hakuna aliyenitukana hata siku moja. Mimi nilikuwa "mama" na "tafadhali" na "ukipata nafasi".

Na harusi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Harusi ya huku mjini ina sare. Wenye harusi huchagua leso ya aina moja, huwaambia jamaa na mashoga, kila mtu akaenda Biashara Street akanunua jozi yake, na siku ya ngoma wote huwa rangi moja. Anayeambiwa sare ni mtu wao. Miaka yote niliyokaa pale, wenzangu waliambiwa sare, mimi niliambiwa mchele. Walinijia mlangoni kwa adabu, mama, harusi ni Alhamisi, pilau hakuna aiwezaye kama wewe. Nikaenda. Nikapika uani, moshi machoni, nikasikia ngoma upande wa pili wa ukuta.

Chini yetu aliishi bibi mmoja aliyekuwa somo. Somo ni yule anayemfunda mwari kabla hajaolewa, na huyu alikuwa amefunda nusu ya mtaa. Magoti yalikuwa yamekufa, ulimi haujafa. Nilimpelekea uji asubuhi kwa sababu wanawe walikuwa Malindi, na wasichana walimjia baada ya Alasiri awafundishe chakacha, ile ngoma ya kiuno tunayocheza wanawake peke yetu. Harusi ya binti wa jirani ilikuwa imekaribia, kwa hiyo ukumbi wake ulijaa kila jioni. Mimi nilikaa karibu na mlango na ungo wangu, napeta mchele wa harusi hiyo hiyo. Nilikaa pale kwa sababu kulikuwa na sauti za watu.

Siku moja somo akanyamazisha wasichana akanitazama.

"Wewe wa juu," akasema, "wapeta mchele au wacheza ngoma?"

Sikujua kwamba natikisika. Nikamwambia napeta.

"Kiuno chako chapeta peke yake. Ndoo hapa, simama nasi."

Nikakataa. Nikamwambia mimi ni mjane, nina mjukuu. Akaniambia yeye ana vitukuu na hajaona kiuno kikaanguka kwa sababu ya mjukuu. Wasichana wakacheka. Nikaona nikizidi kukataa nitaonekana nataka kubembelezwa, nami sipendi watu wa namna hiyo, basi nikaweka ungo chini nikasimama.

Msichana mmoja alipopiga makofi kunishikia mdundo, mwili wangu ukafanya jambo ambalo sikuutuma. Ulitikisa mabega. Kwetu Kaloleni ngoma iko mabegani, msichana hufundishwa mabega kabla ya kuchota maji, na mimi nilikuwa sijacheza tangu nilipoolewa. Wasichana walianguka kwa kucheka. Somo hakucheka.

"Huko kwenu mwacheza kama mwafukuza nzi," akasema. "Hapa bega halina kazi. Shika nguzo."

Katikati ya ukumbi wake kulikuwa na nguzo ya mti iliyobeba boriti za dari, ambayo kwa juu yake ndiyo sakafu ya chumba changu. Akanifanya niikumbate kwa mikono miwili, kifua karibu na mti, mabega yamelala. Mabega yakae na nguzo, akasema, kiuno kiende zake. Nikajaribu. Nguzo haikutikisika, kwa hiyo mabega hayakutikisika, na kiuno nacho hakikwenda popote. Nilisimama pale kama mtu aliyefungwa akingoja polisi.

Mjukuu wangu, yule yule wa Maskati, sasa ni mwanamke mzima, aniambia siku hizi kuna wanawake wanaolipa wafundishwe kucheza na mlingoti wa chuma. Wanapanda, wanazunguka, wanajipindua vichwa chini. Nilimwuliza mabega yao hufanya nini. Hakujua.

Nilirudi siku ya pili, na ya baadaye. Wasichana walipomaliza na kwenda zao, somo aliniambia shika, nikashika. Alikaa kitandani mwake akipiga mbao za kitanda kwa kijiti, akinitukana. Aliniambia kiuno changu kimeota kutu. Aliniambia marehemu Mungu amrehemu, alilala na ubao wa kufulia. Nikacheka, mwenyewe nikashtuka kusikia sauti yangu. Nilikuwa najua nina mgongo kwa sababu uliniuma. Kwamba nina kiuno nilikuwa sijui. Siku kilipozunguka, kilizunguka kidogo sana, kama mtu anayegeuza ufunguo kwenye kufuli la zamani, na somo akaacha kupiga mbao. "Hicho," akasema. "Kishike hicho usikipoteze ngazini."

Nikawa na jambo la kufikiri nikitembea kutoka Kizingo. Nilitembea mabega yametulia ndani ya buibui, na chini ya buibui najua ninachojua. Ni jambo dogo. Lakini nilikuwa sina jingine.

Siku moja nilipita Biashara Street kununua uzi. Katika duka moja la leso kulikuwa na fungu limewekwa pembeni, zambarau na manjano, na mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo, akaniona nalitazama. Akaniuliza kama nimekuja kwa ile harusi, akataja mtaa wetu. Nikamwambia natoka mtaa huo.

"Chukua yako basi," akasema. "Wenzako wamekwisha chukua."

Wenzako. Alisema bila kufikiri, huku akitafuta mkasi. Nikatoa pesa. Nikaificha ile jozi chini ya kikapu kama mwizi, na nyumbani nikaipinda nikaikata nikaipiga upindo kwa ule uzi niliokwenda kununua.

Nilitaka kumwonyesha somo. Nilipomshukia asubuhi na uji nikakuta wanawe wamekuja kutoka Malindi na gari. Walikuwa wakimbeba na kiti chake. Walisema amezeeka, hawezi kukaa peke yake. Yeye hakusema hivyo, alikuwa akimtukana dereva. Aliponiona akaniambia jambo moja tu, niangalie mabega. Mlango wakautia kufuli. Nikabaki na bakuli la uji mkononi, nikaunywa mimi, na juma zima lililobaki nilitembea juu ya ukumbi mtupu, nasikia nyayo zangu.

Siku ya ngoma ilikuwa siku ya kumtia hina bi harusi. Jikoni walinitaka mapema, nikaenda, nikakaanga vitunguu na nyama, nikaosha mchele nikautia. Kisha, baada ya Alasiri, ngoma zilipoanza, nikanawa, nikaingia chooni na mfuko wangu, nikatoka nimevaa sare. Moja kichwani, moja kibwebwe kiunoni. Nilijua kama nitarudishwa jikoni leo mbele ya watu, sitaweza tena kukaa mtaa ule, na pa kwenda sina. Kaloleni wangeniuliza nimefuata nini. Maskati hakuna aliyeniita.

Wapigaji walikuwa wanaume, wamewekwa nyuma ya turubai wasituone. Ndani ilikuwa zambarau na manjano tupu, na harufu ya udi na jasho. Mduara ulikuwa ukizunguka polepole, mmoja nyuma ya mwenziwe. Niliona pengo nikaingia. Mbele yangu kulikuwa na mgongo mpana wa shangazi yake bi harusi. Nikaweka nguzo kifuani kwangu, ile isiyokuwepo, nikaikumbata, nikaacha kiuno kiende zake.

Nilizunguka mara ya kwanza hakuna aliyesema kitu, na nikaanza kuona kwamba hata hapa nitaheshimiwa.

Halafu mama wa bi harusi akaja moja kwa moja hadi kwangu. Alinitazama leso ya kichwani, akatazama kibwebwe. Alikuwa mwenye adabu kama siku zote.

"Mama, tafadhali," akasema. "Mchele watokota, na hakuna ajuaye maji yake."

"Nacheza," nikamwambia.

"Nakuomba, mama. Mimi hata siwezi kushika mwiko, tazama." Akanyoosha mikono. Ilikuwa na hina mbichi hadi kwenye vifundo.

Nilikuwa nimesimama, na nikisimama mimi mduara wote husimama. Nyuma yangu mwanamke mmoja, jirani wa dirisha kwa dirisha, aliyeniambia "mama" na "tafadhali" miaka yote, akanisukuma kwa tumbo.

"Ama enda jikoni ama enda mbele, wewe kizee," akasema. "Watuzibia njia kama mkokoteni wa maji."

Watu wakacheka. Nikampandishia mama wa bi harusi bega moja, la kushoto, yaani sijui, tafuta mwengine. Nikaenda mbele. Na lile bega likiisha kupanda likakataa kushuka. Likatikisika, na la kulia likalifuata, ngoma yote ya Kaloleni ikanitoka katikati ya chakacha ya watu. Shangazi aligeuka kuona wenziwe wacheka nini. "Angalieni, apaa huyu," akasema, "mshikeni kabla hajaruka." Nikayarudisha mabega kwenye nguzo yangu. Mama wa bi harusi alikuwa amekwisha kwenda, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa.

Nilicheza hadi ngoma zikaacha. Jikoni sikurudi. Nilipita mlango wa mbele, pamoja na wengine, nikisikia nyuma yangu wakisema harufu hiyo ni ya nini.

Nyumbani kufuli la chini lilikuwa pale pale. Nilikaa kwenye ngazi kwa sababu miguu ilikataa kupanda, leso imenilowa mgongoni, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Hilo sitalipamba. Nilikaa na furaha yangu peke yangu, na furaha ya peke yako ni nzito, hujui uiweke wapi. Nilifikiri kesho niende dukani nipige simu Maskati, nikaona nitaanza vipi kumweleza.

Baada ya Magharibi shangazi akaja, bado ana sare, na sahani imefunikwa. Hakuniamkia. Hakuniuliza za nyumbani. Akanisukumia sahani mapajani.

"Mwenye harusi kakuletea," akasema. "Asema huu ukoko ni wako, umeupika kwa kiuno, uule wote na sahani uirudishe kesho mwenyewe, hakuna wa kukufuata."

Akaenda zake akicheka. Nikafunua. Chini ya sufuria wameukwangua wote, mweusi, mgumu kama kigae, na kipande kimoja cha nyama juu yake, kizuri, ambacho mtu alikuwa amekichagua.

Niliula pale pale ngazini. Ulikuwa umeungua kweli. Niliula wote.