Siku Shemeji Alipokataa Kutaja Hisa

Mhadhiri wa historia ya uchumi alikuwa akimchukia shemeji yake kimoyomoyo. Shemeji huyo, dalali wa hisa, alikuja kila Jumapili, akaegemeza viatu vyenye tope kwenye kochi na kutangaza, "Bei zimefika chini kabisa. Nunueni." Mama mkwe alinunua, bei zikazidi kuporomoka. Jumapili iliyofuata wimbo ulikuwa uleule.

Darasani alifundisha kwamba katika maanguko mengi ya zamani ya soko la hisa, bei hazikufika chini halisi watu walipokuwa wakipiga kelele, maana anayepiga kelele bado ana tamaa. Zilifika hapo walipochoka, wakaona hisa kama uchafu.

Jumapili moja shemeji alikula kimya. Dada yake, mke wa mhadhiri, akamuuliza, "Na soko?"

"Dada, tafadhali, tusitaje takataka hizo mezani."

Mama mkwe akazima redio kabla ya habari za biashara. Mhadhiri akawatazama. Wote walikunja uso kama waliokuta nzi kwenye chai, na yeye mwenyewe alikuwa amekunja vilevile.

Kesho yake alinunua hisa za kiwanda cha saruji, huku akijihisi kama anatia mkono kwenye mtaro ulioziba. Hakuwa na hakika.

Mwaka uliofuata bei zilipanda. Shemeji akarudi kochini na viatu vyake, akamwambia kila mgeni, "Si niliwaambia?"

Mhadhiri akainuka, akaenda kunawa mikono.