Akaunti Moja ya Bwera Yote

Juzi nilikuwa kwa kibanda ya fundi wa simu, Bwera, mpakani na Kongo. Mama mmoja wa Butembo, muuza vitenge, akaingia na simu mpya. Ile ya zamani ilianguka mutoni.

"Fundi, nirudishie picha ya bwana yangu. Alikufa, kesho iko misa yake. Niko na ile moja tu."

"Usiogope, mama. Ilijihifadhi kwa mtandao."

Fundi akaandika paswedi bila kumuuliza. Picha zikaanza kushuka: mbuzi, harusi, mchungaji anaoga kwa beseni. Mama akafunika simu na kitenge.

"Hawa bote ni banani?"

"Ni wateja. Watu hawana akaunti, nawafungulia simu zote na yangu."

"Simu inasema nafasi imejaa. Nifute hii mbuzi?"

"Mama, wacha! Utafuta Bwera yote!"

Bwana yake akatokea kwa simu, katikati ya picha za mbuzi, na koti yake. Mama akamwangalia sana, akapangusa macho.

"Sasa nifungulie akaunti yangu. Paswedi nitaandika mwenyewe. Geuka, angalia ukuta."

Fundi akageuka.

Wewe unayesoma, paswedi yako aliandika nani? Mimi nilisimama nyuma ya mama, nikangoja zamu yangu. Simu yangu pia ni fundi alifungua, na picha zangu si za mbuzi.