Magoti Yangu Mazima

Kwa miaka mingi nilisingizia magoti. Kila imamu wetu aliposafiri, waumini walinisukuma mbele niwasalishe, kwa kuwa nimesoma chuo cha Kurani tangu utotoni. Nami nilijishika goti na kukunja uso. "Magoti, ndugu zangu. Mpeni mwingine." Kisha nikarudi safu ya mwisho, karibu na ukuta.

Ukweli aliujua mke wangu peke yake. Wakati wa mauaji ya kimbari nilipigwa kisogoni na mtu aliyekuwa akitembea nyuma yangu, tena jirani tuliyezoeana naye. Kidonda kilipona, alhamdulillahi. Lakini tangu hapo sikuweza kuvumilia mtu nyuma yangu, iwe sokoni, iwe kwenye foleni ya mpakani. Na imamu, jamani, nyuma yake kuna watu tu.

Fundi cherehani, jirani yangu wa sasa tunayeswali naye, aliyahurumia sana magoti hayo. Yeye aliumwa mgongo kwa kuinamia cherehani, na asubuhi alikwenda kufanya yoga kwenye majani kando ya ziwa.

"Mzee, kuya kwetu," akaniambia. "Iko mama moja anafundisha bure watu wenye kubeba mambo ya zamani. Magoti yako itakuwa muzuri."

Nikamtazama mke wangu aniokoe. Akasema, "Ataenda. Kesho."

Nilimkimbilia imamu, nikitumaini atanikataza. Akasema kunyoosha viungo na kuvuta pumzi hakuna ubaya, "ilimradi moyo unajua unamsujudia nani." Basi nikaenda.

Wenzangu walitandika mikeka kutazama ziwa. Mimi nilitandika wangu mbele kabisa, ukingoni mwa maji, nikaelekea kaskazini, kwenye volkano. "Kibla," nikaeleza. Kibla kweli, lakini pia hapo niliwaona wote usoni, na nyuma yangu palikuwa na maji tu.

"Mzee, we iko mwalimu wa pili?" akauliza fundi.

Mwalimu mwenyewe, mama aliyerudi kutoka Uganda, alituambia tuchuchumae. Fundi aliguna kama mlango wenye kutu. Mimi, kwa swala tano kila siku, nilishuka na kupanda bila shida.

"Eh! Donc, basi hii magoti iko na ugonjwa gani?" akauliza fundi.

Walicheka wote. Nami nilicheka, ningefanya nini?

Walipoondoka, mwalimu alinijia kwa mbele, polepole. "Mzee, ni magoti, au ni nyuma?"

Nikamweleza. Hakunipa pole. Alisema, "Tutageuza mkeka kidogo kidogo. Sitapita nyuma yako bila kukuambia. Hofu ikija, sikia nyayo zako chini, halafu toa pumzi ndefu."

Mkeka wangu ukawa kama mshale wa saa mbovu. Wiki moja nilitazama Goma, upande wa magharibi ng'ambo ya mpaka. Wiki iliyofuata pikipiki ikalia ghafla barabarani, nikarudi kibla. Mwalimu hakunihesabia kosa. Baada ya miezi nikatazama maji kama wengine, na tulipolala chali kupumzika, fundi alikoroma nyuma ya kichwa changu. Nilijiambia, mtu anayekoroma hivi hana njama. Nikafumba macho.

Kisha imamu akaenda Kanzenze kumtazama mgonjwa, alasiri ikaingia. Waumini hawakunitazama hata mara mbili, walishazoea. Walikuwa wanamtafuta mwingine nilipowapita na kusimama mbele.

Halafu nikasikia miguu ikijipanga nyuma yangu, safu baada ya safu. Kisogo kikawa baridi.

"Nyoosheni safu," nikasema. Nikazisikia nyayo zangu kwenye zulia. Nikatoa pumzi ndefu. Allahu Akbar.

Katika sijda ya pili mtu alikohoa karibu kabisa na mimi, na mwili wote ulitaka kugeuka. Nikabaki, paji la uso chini, nikimaliza tasbihi yangu. Kikohozi kikarudi, nikakitambua. Cha fundi.

Nilipotoa salamu, kulia na kushoto, niligeuka kuwatazama. Nyuso zote zilikuwa za watu ninaowajua. Fundi, safu ya kwanza, aliegemea mbele akaninong'oneza:

"Mzee, na magoti?"

"Leo ndiyo yanatetemeka kweli," nikamjibu, nikainua mikono kuanza dua.