Kipeuo cha Hamsini

Harufu ya mashudu ya alizeti ikinipata popote, namwona dada yangu amechuchumaa uani, ananifundisha kwa kijiti vumbini kugawanya kipeuo cha pili cha hamsini kwa kipeuo cha pili cha mbili. Matokeo yake ya darasa la saba yalikuwa hayajatoka.

"Zitie zote chini ya kipeuo kimoja, mdogo wangu, ugawanye, ndipo utafute kipeuo chake."

Nikafika ishirini na tano. Hapo ng'ombe wa mahari yake wakaswagwa uani, wakalikanyaga swali lote. Baba akamwambia, "Inuka, wamefika."

Jibu nililipata kesho yake, dada keshachukuliwa, nikizoa samadi palepale.

"Dada! Ni tano!"

Mama, aliyekuwa akiwalisha ng'ombe wale mashudu, akaja akaniziba mdomo kwa kiganja.