Biskuti za Asali na Maswali ya Milembe

Ipo siku moja ya Desemba, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaponusa mdalasini. Kaa nikusimulie. Chai bado ya moto, hatuna pa kukimbilia.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo tu nyumbani kwetu Mtendeni, mjini Tabora, nikisubiri matokeo. Jirani yetu Bi Mwanaidi alikuwa msimamizi wa kituo cha kulelea wasichana, akaniita nikamsaidie. Alikuwa amepata mgeni, binti wa Kizungu aliyeitwa Ingrid, aliyekuja kujitolea kwa miezi michache. Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari" na "asante sana". Kiingereza changu nacho kilikuwa cha kuokoteza. Basi kazi yangu ikawa kusimama kati yake na wale wasichana, nikiokoteza huku na kule mpaka waelewane.

Krismasi ilipokaribia, Ingrid akasema anataka kuoka biskuti kama za kwao. Nilidhani Bi Mwanaidi atakataa, maana ni Mwislamu asiyeacha swala. Alicheka tu. "Waoke," akasema. "Na Idi ikifika watakaanga maandazi, na huyu mgeni wetu ndiye atakayekanda."

Tanuri hatukuwa nalo. Tulifanya kama tunavyooka keki zetu, sufuria kubwa juu ya jiko, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Ingrid alizunguka lile jiko akilitazama kama mtoto. Na yeye akatushangaza sisi alipomimina asali yetu ya Tabora kwenye unga, akaongeza tangawizi, mdalasini na karafuu. Msichana mmoja akaniuliza, "Dada, huyu anapika biskuti au pilau?"

Unga ulipokuwa tayari, Ingrid akawaambia kila mmoja akate umbo la kitu anachokikumbuka nyumbani kwao. Hapo ndipo udadisi uliponishika. Nilipita nyuma ya kila mmoja nikichungulia. Huyu kakata ng'ombe mwenye pembe ndefu, yule kakata nyumba. Mwingine alikuwa na kitu kama gogo, nikamuuliza, akasema ni mzinga wa nyuki wa babu yake.

Mwishoni mwa meza alikuwa Milembe, mtoto mdogo mkimya kutoka kijiji kimoja upande wa Bukene. Alikuwa anatengeneza baiskeli. Gurudumu likikatika anaanza upya, wala halalamiki. Nikamuuliza kwa nini baiskeli.

"Ndiyo iliyonipeleka stesheni," akajibu, akainama tena.

Milembe tulimjua kwa jambo moja: hakuwa akitaka kumwona baba yake. Yule mzee alikuja kila msimu wa sikukuu kwa treni, akakaa kwenye benchi la getini na mfuko wa karanga mapajani. Milembe akiitwa, hatoki. Baba akiona jua limegeuka, anaacha karanga anaondoka. Watu wote pale kituoni walisema alimtelekeza mwanawe, na jambo likishasemwa na wote, mwanangu, hakuna anayeuliza tena.

Basi asubuhi hiyohiyo, mikono yetu imejaa unga, mzee akafika. Ingrid akamwona kupitia dirisha, akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni baba yake Milembe, alimwacha mtoto.

"Nani alikuambia?" akauliza.

Nikafungua mdomo, nikaona sina jina la kutaja. Shangazi ndiye aliyemleta Milembe kituoni, na alikuwa mgonjwa, hakusimulia mengi. Baba mwenyewe hakuna aliyewahi kukaa naye. Lile swali liliniwasha. Nikajifuta mikono, nikatoka.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu kwa Kinyamwezi. Akashtuka kwa furaha, akaitikia, akanisogezea nafasi kwenye benchi.

Nikamwuliza bila kuzunguka, "Baba, Milembe uliachana naye vipi?"

Aliuweka mfuko wa karanga kando. Halafu akasema, "Mama yake alipofariki, nyumbani nilibaki na mama yangu. Alikuwa kitandani, hata kujigeuza hawezi. Mtoto nani amwangalie? Dada yangu alikuwa huku Tabora, akaja kumchukua. Nikampakia Milembe kwenye baiskeli mpaka Bukene. Pale stesheni akaning'ang'ania. Nilijua nikimwambia mimi sipandi, naye hatapanda. Nikamwambia, tangulia na shangazi, mimi napakia baiskeli behewa la nyuma nakuja."

"Na hukuja."

"Sikuja. Nilisimama nyuma ya ghala mpaka treni ikaondoka."

"Umewahi kumweleza?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mtoto mdogo vile? Ningeanzia wapi?"

Niliruka kutoka pale kama aliyeokota dhahabu. Nilitaka kumfikia Milembe nimwage yote. Bi Mwanaidi akanishika kiwiko mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Wapi wewe?"

"Kumwambia, Bi Mwanaidi! Kumbe baba yake..."

"Hebu tulia," akasema kwa sauti ya chini, lakini kali. "Wewe umepata jibu kwa sababu uliuliza. Huyo mtoto naye ana swali lake, amekaa nalo tangu stesheni. Ukimpelekea jibu mkononi, atalipokea kutoka kwako, na wewe si baba yake. Mpe nafasi aulize mwenyewe. Asipotaka leo, basi si leo."

Nilinywea, mwanangu. Bi Mwanaidi akampa Milembe sahani ya biskuti za kwanza na kumwambia kuna mgeni getini hajala kitu tangu alfajiri. Hakumlazimisha. Milembe aliangalia sahani, akaangalia mlango. Halafu akatoka.

Sisi wote tukabanana dirishani, na Ingrid yumo, mimi nikimtafsiria kwa kunong'ona.

Mzee alipokea sahani kwa mikono miwili. Akachagua, akashika ile ya pembeni akaigeuzageuza. "Hii nini, mama?"

"Baiskeli."

Mzee akairudisha ile biskuti kwenye sahani taratibu.

"Mbona hukupanda?" Milembe akauliza.

Akamjibu. Hakuficha hata lile la kujificha nyuma ya ghala. Nilitegemea mtoto atamrukia shingoni, au atakimbia. Hakufanya hata kimoja. Aliketi mwisho wa benchi, mbali naye kidogo, akaanza kuuliza. Bibi anaweza kukaa sasa? Nani anamlisha wewe ukija huku? Yule mbwa mwenye sikio moja yupo? Ukiwa nyuma ya ghala, uliniona kwenye dirisha la treni? Kila jibu lilizaa swali lingine, na kila swali lilimsogeza karibu kidogo. Tulikuwa tumezama kusikiliza mpaka harufu ya kuungua ikatushtua. Sufuria zima la pili lilikuwa mkaa mtupu. Ingrid alilitazama, akaangua kicheko huku anajifuta machozi.

Milembe hakuondoka na baba yake siku ile. Lakini Pasaka ilipofika alikaa yeye kwenye benchi tangu asubuhi, akimsubiri. Likizo iliyofuata akapanda treni kwenda kumwona bibi, akamwahi angali hai. Leo ni mama wa watoto, na baba yake anakula kwake.

Nawe sasa unajiandaa kwenda ugenini kujitolea, na moyo wako umejaa mambo ya kuwafanyia watu. Ni vizuri. Ila ukifika, utasimuliwa habari za kila mtu kabla hujakutana naye. Zisikilize, kisha nenda kwa mwenyewe ukamuulize kwa heshima, na akinyamaza mngojee. Ukipata jibu lisilo lako, litunze. Wape wenye maswali yao nafasi ya kuyauliza kwa midomo yao.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie milango ya watu na mioyo yao, akupe masikio yasiyochoka, na akurudishe kwetu ukiwa na mengi ya kutusimulia.