Jirani Aliyeniletea Viatu

Harufu ya ukindu uliolowekwa ilijaa nyumba yetu pale Kibiti. Mama alisuka mikeka barazani, na wapita njia walisimama kutazama, si mkeka, bali mikono yake. Kabla sijazaliwa aliugua ukoma. Alitibiwa akapona kabisa, lakini vidole vyake vingi vilibaki vifundo. Baba alikuwa amefariki. Tulikuwa miongoni mwa Wakristo wachache wa pale, watu wa kuja kutoka Songea, na mimi nilitamani mno kufanana na wenzangu. Nyumbani nililala nimemkumbatia mama; barabarani nilitangulia hatua kumi mbele yake.

Nilikuwa darasa la tano. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ya nje imefunguliwa na mitumba imejaa gulioni, na Ijumaa moja mama alinipatia viatu vyeusi vya ngozi. Kwa furaha alishindwa kungoja nirudi, akavileta shuleni wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimesimama na Mwanahawa, niliyekaa naye dawati moja, pamoja na wasichana wengine. Mmoja wao akaniuliza, "Felista, yule ni mama yako?"

"Hapana," nikasema. "Ni jirani yetu."

Mama alikuwa ameshafika karibu. Alisimama, akanitazama, kisha akawageukia wale wasichana. "Ndiyo, wanangu, mimi jirani. Mama yake kanituma." Akaviweka viatu chini, hakunipa mkononi, akaondoka.

Jioni nilingojea fimbo. Haikuja. Mama aliendelea kusuka, nami nikakaa pembeni nimeinamisha kichwa. Mwishowe akasema, "Nilipougua, mama yangu mzazi alikuwa akiniwekea chakula mlangoni na kukimbia. Nikaamini mimi si mtu tena. Mungu ndiye aliyenipokea, mwanangu, akaniita binti yake nikiwa na vidonda vibichi. Kwa hiyo leo umeniumiza, lakini hukunipunguza. Ninayemhofia ni wewe. Siku watakapokucheka wewe, utajikana pia?"

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Akaniweka kifuani kwa mikono ileile.

Jumatatu nilimwambia Mwanahawa, "Yule wa Ijumaa ni mama yangu."

"Tulijua," akajibu, bila kunitazama. "Mmefanana sana. Sisi tulimwonea huruma tu alivyokusitiri."

Leo nina watoto wakubwa, na mama yuko makaburini. Naamini kwa moyo wote kwamba Mungu ananipenda jinsi nilivyo. Imani hiyo niliipata kwa mama, wala si kwa mhubiri yeyote. Najua nimesamehewa. Hata hivyo, watu wanaponisifu kwa kumtunza mama hadi mwisho, nainamisha macho. Nilimkana mbele ya watoto ambao hawakuwa wamemdharau. Aliyemdharau pale uwanjani nilikuwa mimi peke yangu.