Mama Minegishi na Ukuta wa Nyumba Namba Tatu

Saa mbili asubuhi, barafu nyembamba bado imetanda kwenye matope ya kiwanja. Ndani ya nyumba ambayo haijawekwa milango, Hatsue Minegishi amepiga magoti, barakoa usoni, glavu hadi viwikoni. Anakata pamba ya kioo kwa kisu na kuipachika kati ya nguzo za ukuta.

"Ukiikandamiza sana inakufa, haizuii baridi tena," anasema. "Ukiilegeza inashuka, juu panabaki wazi."

Ana miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa hii moja, kujaza kuta ili baridi isipite. Hapa pembezoni mwa mji wa Ageo, palipokuwa shamba la mapeasi, zinajengwa nyumba sita za familia. Bango la barabarani linasema kiyoyozi kimoja kitatosha kupasha joto nyumba nzima. Kila moja inauzwa yeni milioni thelathini na nane. Hatsue analipwa yeni elfu kumi na nne kwa siku.

"Sijawahi kulala kwenye nyumba niliyoijaza," anasema, bila uchungu.

Mama yake, Tomi, aliishi milimani, mkoa wa Gunma, kwenye nyumba ambamo upepo uliingia kama mwenyeji. Januari moja alivua nguo kwenye chumba cha baridi, akaingia kwenye maji ya moto, hakutoka. Daktari alisema moyo haukustahimili mshtuko wa kutoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto.

Wakati huo Hatsue alikuwa keshia wa duka. Miezi minne baadaye alikwenda kuomba kazi kwa fundi mmoja.

"Akaniuliza, 'Mama, hii pamba inawasha mwili mzima, utaiweza?' Nikamwambia nina mume, nimeshazoea."

Mwezi uliopita, akila chakula cha mchana, alikumbuka jambo. Alipokuwa akijaza bafu la nyumba namba tatu aliitwa kushusha mzigo, na aliporudi alianza ukuta mwingine. Akamfuata msimamizi, Kengo Okabe.

"Bosi, nyuma ya bomba la bafu, namba tatu, sikujaza."

"Pakubwa kiasi gani?"

"Kiganja."

"Mama Minegishi, ukuta umeshafungwa na kupambwa. Wateja wanakuja Jumamosi. Kiganja nani atakiona?"

"Hakuna atakayekiona. Watasikia baridi tu, wala hawatajua inatoka wapi."

"Na kama ulijaza, umesahau?"

"Basi unicheke mpaka mwaka mpya."

Walikata ukuta. Pengo lilikuwepo, na mbao zilikuwa zimeanza kulowa kwa umande wa baridi. Matengenezo yalikula siku mbili, wateja wakaahirishwa, na Okabe akakaripiwa ofisini.

"Nilimkasirikia," anakiri Okabe. "Siku hizi sifungi ukuta kabla hajaupitia."

Nyumba hiyo imenunuliwa na wazazi wa mapacha. Hawajaambiwa lolote.

Hatsue mwenyewe anaishi kwenye nyumba kuukuu na mumewe, Yoshiki, pamoja na mama mkwe wake, Shizu, mwenye miaka themanini na saba. Likizo hii ya mwaka mpya amepanga kubomoa kuta za bafu lao na kuzijaza. Pamba ameshanunua. Yoshiki amekubali kubeba mbao. Ambaye bado hajakubali ni Shizu.

"Anasema baridi imepigana naye tangu azaliwe na haijamshinda. Nikamwambia, 'Mama, ni siku tatu tu bila kuoga.' Akajibu yeye atakwenda bafu la mtaani, tena kila siku, na mimi ndiye nitakayelipa."

Anapandisha barakoa, anachukua kisu.

"Nitalipa," anasema.